Siku niliyonunua mvinyo wa watu

Kizibuo ndicho kilichoniumbua. Nilikuwa nimekumbuka kila kitu: viti vya kukodi, turubai, vitambaa vya meza, spika, vyeti 12 ndani ya fremu, mpaka vijiti vya kuchokolea meno. Lakini chupa zilikuwa zimepangwa mezani, zimezibwa kwa vile vizibo vinavyoshindiliwa ndani ya shingo, mgeni rasmi ameshaketi, na ghala zima halikuwa na mtu mwenye kitu cha kuzifungulia. Isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye niliyekuwa nikimkwepa tangu asubuhi.

Ilikuwa Septemba 2019, kijijini kwetu pembeni mwa barabara ya Iringa, ukishaipita Bihawana ukitokea Dodoma mjini. Mavuno ya pili yalikuwa yanaishia. Kwa asiyejua, Dodoma mzabibu unazaa mara mbili kwa mwaka: unavuna kuanzia Februari kwenda Machi, unapogolea, unangoja kama miezi minne, unavuna tena Agosti na Septemba. Ndiyo maana mkulima wa zabibu hana likizo. Na zabibu haina subira ya mtama. Mtama utauweka ghalani ungoje bei; zabibu ikishaiva una siku chache tu, baada ya hapo ndege, nyuki na jua wanagawana.

Msimu ule wanunuzi walikuja kwa kusuasua. Kuna mashamba ambayo vichala vilikauka juu ya waya vikawa kama vinyesi vya mbuzi, samahani kwa mfano huo, lakini ndivyo vilivyokuwa. Katikati ya hali hiyo ndipo mwenyekiti wa ushirika wetu, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe, akasimama kwenye kikao akasema tufanye sherehe ya kuwaenzi wazee wa zabibu. Watu wakaguna. Bei hakuna, sherehe ya nini? Akajibu, "Tukingoja bei ipande ndipo tuwashukuru, tutawashukuria makaburini."

Kila mwanachama akatoa mchango. Mimi nilikuwa na miaka 26, nimemaliza chuo, sina kazi, ninaitwa msomi kwa heshima nusu na kejeli nusu. Nikapewa ukatibu wa kamati. Kazi yangu: kuandika wasifu wa kila mzee, kuchapisha vyeti, na kununua vinywaji vya meza kuu.

Orodha yenyewe ilituchukua vikao vitatu. Mashamba mengi kwenye daftari la ushirika yameandikwa jina la baba, na aliyeinamia mizabibu miaka yote ni mama. Tulipoanza kutaja majina, tukapata wanaume 10 mfululizo. Mwenyekiti akamuuliza mmoja wao pale pale kwenye kikao: "Mzee, shamba lako lina mistari mingapi?" Mzee akageuka kumtazama mkewe. Kikao kikacheka hadi tukashindwa kuendelea. Tulipomaliza, orodha ilikuwa na wakulima tisa, watano kati yao wanawake, na mafundi wa mvinyo watatu. Mkulima mmoja hakuwa tena na shamba. Lilikuwa upande wa mjini, na tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 ardhi ya kule ilikuwa inapimwa viwanja kwa kasi. Pale ilipokuwa mizabibu yake sasa kuna ukuta na geti jeusi. Tukamweka hivyo hivyo. Nadhani huo ndio uamuzi bora tuliofanya.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa babu yangu mdogo, mdogo wake babu mzaa baba. Nilimkuta shambani asubuhi, upepo wa Septemba unavuma vumbi jekundu, amekaa juu ya kreti lililopinduliwa. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaitikia bila kunitazama, macho yako kwenye mzabibu.

Nilikuwa na maswali yangu nimeyaandika kama ya dodoso: umeanza lini, una ekari ngapi, umepata mafanikio gani. Hilo la mafanikio alilirudia mara mbili kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akaanza habari za Bihawana. Mapadri walipanda mizabibu pale misheni miaka ya 1950, wapate divai ya misa bila kuiagiza ng'ambo. Yeye alikuwa kijana wa kumwagilia bustani. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mwanglikana, na baadaye akawa mwinjilisti wa kanisa lake, lakini maji ni maji na mshahara ni mshahara. Walipopogolea, matawi yaliyokatwa yalitupwa rundo nyuma ya ukuta. Akaomba. Akafunga pingili kwenye gunia bichi, akazipeleka kwao kwa miguu.

"Baba akaniuliza, hii miti inaliwa na ng'ombe? Nikamwambia hapana. Akasema, basi ipande mbali na ng'ombe."

Ng'ombe ndio walioilisha mizabibu ile, kwa kweli. Alichimba mashimo marefu ya kufika kiunoni, akayajaza samadi ya zizini, na mpaka leo watu wa kwetu wanasema mzabibu wa Mgogo una bahati, umezaliwa karibu na zizi. Miaka ya 1990, kiwanda cha serikali kilipodorora na zabibu zikakosa pa kwenda, majirani wengi waling'oa wakapanda uwele. Babu hakung'oa. Nilipomuuliza kwa nini, nikitegemea jibu la kuandika kwenye cheti, alisema jembe lake lilikuwa limevunjika mpini.

Halafu akaniinua nimtazame akinionyesha jicho la mzabibu. Mtu asiyekulia kwenye zabibu haoni kitu pale, ni kijiti kikavu. Yeye aliweka ukucha wa kidole gumba chini ya kinundu kidogo cha kahawia, kisha kinundu cha pili juu yake. "Macho mawili unaacha. La tatu ni tamaa. Ukiacha la tatu utapata majani mengi na zabibu kama pilipili manga." Nikiwa mtoto niliwahi kumsikia akisema mzabibu ukikatwa unalia, na ni kweli: ukishapogolea, kesho yake ncha ya jeraha inadondosha maji, tone moja moja, mstari mzima. Tulikuwa tunaweka ulimi chini yake. Hayana ladha yoyote.

Jambo lililonishangaza ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kunywa glasi ya mvinyo. Alionja divai ya meza ya Bwana, tone la kulowesha ulimi, basi. Kwake neno mvinyo lilikuwa la baa. Alichokuwa analima yeye kiliitwa zabibu, na kilichotoka humo kiliitwa divai. Nikaandika kwenye daftari: "Hanywi." Sikujua niliweke wapi kwenye wasifu.

Fundi, mmoja wa wale mafundi watatu wa mvinyo, naye alikuwa kiumbe mwingine kabisa. Zamani alikuwa kibarua wa kiwandani, akasafisha matangi, akapanda mpaka akaaminiwa kusimamia uchachushaji. Kazi ilipoisha, aliondoka na ujuzi wake na vitu viwili anavyotembea navyo kwenye mfuko wa shati mpaka leo: kizibuo cha kuzungusha, chenye mpini wa mti uliong'aa kwa jasho, na kipimo cha sukari.

Hicho kipimo ni kama darubini ya mtoto. Unaminya punje moja ya zabibu juu ya kioo chake kilicholala mshazari, unafunika, unaelekeza juani na kuchungulia. Ndani unaona duara, juu buluu, chini nyeupe, na pale rangi zinapokutana ndipo penye namba. Alinipa nichungulie. Nikasoma 21. "Ivuneni," akasema, ingawa shamba halikuwa lake na mwenyewe hakuwepo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba, hakina dirisha. Mapipa ya plastiki ya buluu, kila moja limefunikwa gunia lililoloweshwa maji, maana joto la Dodoma likiingia kwenye mvinyo unaochacha linauharibu. Hamira ikipata joto sana inafanya kazi kwa pupa, na harufu nzuri yote inatoka mlangoni. Kwa hiyo alikuwa anaamka saa nane usiku kumwagia magunia maji. Asubuhi na jioni anafunua, anazamisha maganda yaliyopanda juu kwa mwiko wa mti wenye urefu wa mtu, kwa sababu rangi ya mvinyo mwekundu iko kwenye ganda. Juisi yenyewe ukiiminya ni nyeupe tu. Alizungumza akizamisha, na maganda yalikuwa yanapumua povu la zambarau, yanatoa sauti kama sufuria la maharage kwa mbali.

Akanipa kikombe cha wa mwaka uliopita. Ulikuwa Makutupora, ile zabibu nyekundu iliyochukua jina la kituo cha utafiti cha huko huko Makutupora, kaskazini mwa mji. Mimi nilikuwa nimezoea dompo. Kijiweni kwetu mvinyo wowote mtamu ni dompo, awe ameutengeneza nani. Huu haukuwa mtamu. Ulishika kingo za ulimi, ukakaa. Sikuwa na maneno ya kuuelezea na sina hata sasa, ila nakumbuka niliomba kikombe cha pili.

Basi akasema, kwa aibu kidogo, kwamba kwa ajili ya sherehe atatoa dumu moja, lita 20, bure. "Wazee wanywe cha kwao."

Nikauliza, "Uko kwenye chupa?"

Akacheka. "Mvinyo ninao. Chupa ndiyo sina." Akanieleza habari ndefu ya chupa, kwamba mtu mdogo hawezi kununua chupa 50, wanakuuzia mzigo mkubwa au hawakuuzii, kwamba huwa anaokota za baani, anachemsha, lakini nyingi ni fupi za bia. Wateja wake wanakuja na chupa za maji.

Nilitazama lile dumu. Lilikuwa la njano, lililowahi kubeba mafuta ya kupikia, limesuguliwa mpaka maandishi yamefutika. Nikamwona mgeni rasmi amevaa suti, anamiminiwa kutoka kwenye dumu. Nikamwambia fundi, huku nikitazama pembeni, "Asante sana, mzee wangu, ila kamati imeshapata mvinyo."

Kamati haikuwa imepata kitu. Siku mbili baadaye nilipanda daladala kwenda mjini, nikaingia duka lenye viyoyozi, nikasimama mbele ya rafu. Mvinyo wa Dodoma ulikuwepo, tena wa viwanda kamili, wenye chupa na lebo, rafu ya chini. Siwezi kusingizia kwamba nilikosa. Nilipitisha mkono juu yake nikachukua ule wa rafu ya usawa wa macho, wa Afrika Kusini, lebo nyeupe yenye mlima umechorwa kwa dhahabu. Katoni nne, chupa sita sita. Nilijiambia mgeni rasmi ni mtu wa kusafiri, anajua vitu. Michango ya wakulima wa zabibu wa Dodoma nikaihesabu juu ya kaunta, noti za elfu mbili mbili zilizokunjwa vidogo sana, nyingine bado zina vumbi.

Siku ya sherehe ikafika, na ndipo ikatokea ile ya kizibuo. Mhudumu mmoja alikuwa ameshaanza kusukuma kizibo ndani kwa nyuma ya kijiko. Mwenyekiti akanitolea jicho. Nikatembea mpaka safu ya pili walipokaa wanaoenziwa, nikainama karibu na sikio la fundi.

"Mzee, samahani. Tunaomba kizibuo."

Hakunipa. Alisimama mwenyewe, akaja mezani, akaishika chupa ya kwanza akaigeuza. Nilimwona anasoma. Haikuchukua muda mrefu, kama muda wa kusoma namba ya basi. Kisha akaibana chupa kifuani, akazungusha, akavuta, pop, akainusa shingo, akaiweka. Akachukua ya pili. Alifungua zote 24, moja baada ya nyingine, watu wanamtazama wakidhani ni sehemu ya shughuli, na wengine wakaanza kumpigia makofi kila kizibo kilipotoka. Naye akawa anainamisha kichwa kidogo, kama mtu wa jukwaani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake nimeshika trei ya vizibo. Alipomaliza ya mwisho akasema kwa sauti ya kunitosha mimi tu, "Mvinyo mzuri huu. Umetunzwa." Akarudi kukaa.

Laiti angenitukana.

Nilikuwa bado sijatulia nikasikia fimbo inagonga kiti changu. Babu. Alikuwa amekaa mwisho wa meza kuu kwa sababu ya umri, pama kichwani, chupa mbele yake ambayo hakuna mtu aliyekumbuka kwamba hainywi.

"Mjukuu wangu, miwani nimeacha. Nisomee hapa."

Nikasoma sehemu ya chini. "Asilimia 13 na nusu, Babu."

"Ya nini?"

"Ya kilevi."

"Hiyo siitaki. Hapa juu."

"Ni jina la kampuni."

"Haya. Na zabibu zimelimwa wapi?"

Lilikuwa swali la mkulima, wala hakuwa ananitega. Nilifikiria kudanganya, na ningeweza. "Afrika Kusini, Babu."

Akanyamaza. Akaipapasa lebo pale penye mlima wa dhahabu, maana ulikuwa umechapwa umenyanyuka kidogo. Watu wa spika wakawa wanajaribu, moja mbili, moja mbili.

"Huko wanavuna mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja."

"Mara moja!" Akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Mara moja tu? Sasa miezi mingine wanafanya nini?"

"Sijui, Babu. Mzabibu unalala wakati wa baridi."

"Unalala." Akacheka kimya kimya mpaka mabega yakamtikisika. "Na mwenye shamba naye analala." Kisha akavua pama lake, akalifunika juu ya chupa, lebo yote ikapotea, akakaa kichwa wazi kwenye jua lililokuwa linapenya kando ya turubai. Chupa zilizobaki mezani hakuweza kuzifunika. Lakini ile ya kwake hakuna mtu mwingine aliyeisoma.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mwema na hotuba yake ilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusikia. Alizungumzia ushuru wa bidhaa, jinsi serikali inavyotoza kiwango cha chini kwa mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75, ili kiwanda kione faida ya kununua kwa mkulima wa hapa. Alijua tofauti ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yale magonjwa mawili ya mzabibu, jambo lililowashangaza wazee. Halafu akainua glasi. Nikafumba macho.

"Ndugu zangu," akasema, "watu wanabeza mvinyo wetu wa Dodoma. Mimi leo nimeuonja hapa kwa wenyewe. Huu unaweza kukaa meza yoyote duniani!"

Ghala likalipuka kwa makofi na vigelegele. Fundi alipiga makofi, tena kwa nguvu. Babu naye alipiga makofi, kichwa wazi, huku ananitazama kwa jicho moja kama kuku. Mwenyekiti, ambaye alishajua maana alikuwa na miwani, alipiga makofi matatu yenye nafasi katikati, na nikajua kesho nina kikao.

Vyeti vilitolewa. Nilisoma wasifu zile 12 bila kuzisikia. Wanawake wa muheme wakaingia, ngoma zao wamezibana kati ya magoti, na vumbi la ghalani likapanda mpaka mgeni rasmi akafunika glasi kwa mkono. Mama mmoja alipoitwa alikataa kuja peke yake; akamvuta wifi yake waliyekuwa wakipogolea pamoja tangu ujana, wakashika cheti kimoja, huyu upande huu na yule upande ule, picha ikapigwa hivyo. Cheti kina jina moja. Sijui kimetundikwa nyumba ya nani.

Watu walipotawanyika nilimkuta fundi anazunguka meza na gunia. Alikuwa anakusanya chupa tupu. Hakuwa anajificha. Alikuwa anaichunguza kila moja mdomoni kwa kidole kama imevunjika, anaifunga na kanga moja aliyoazima, anailaza. Nikaanza kumsaidia. Nilitaka kusema kitu nikakosa pa kuanzia, nikasema, "Mzee, lile dumu..."

"Dumu lipo," akasema. "Kesho jioni una kazi?"

Kesho asubuhi nilikuwa na kikao, na sitasimulia kilivyokuwa. Jioni nilikuwa uani kwa fundi, mbele ya karai la maji ya moto na majivu. Kazi yangu ilikuwa kubandua lebo. Kama hujawahi, utadhani ni kazi rahisi. Karatasi ya juu inatoka vizuri, ile yenye mlima. Inayobaki ni gundi, nayo inageuka kamasi, halafu ikipoa inakuwa ngumu kuliko mwanzo. Unakwangua kwa kisu inabaki mistari. Unasugua kwa mchanga na majivu, unasuuza, unanyanyua juu ya mwanga, unaona bado kuna kivuli cha mstatili. Unarudia. Chupa ya kumi kucha zangu zilikuwa nyeupe na zimelainika kama za mfu. Mke wa fundi alipita akaniangalia, akamwambia mumewe ndani, "Huyo ndiye msomi?"

Fundi alikuwa anajaza. Alitumia mpira mwembamba, anavuta kwa mdomo, anateremsha ndani ya chupa, mvinyo unashuka ukutani taratibu bila kutoa povu. Anaujaza mpaka shingoni, anaacha vidole viwili vya hewa. Vizibo alikuwa amevichukua kwenye ile trei, vile vile, akavichemsha, vingine akavigeuza chini juu. Vilikuwa na tundu la kizibuo katikati, kwa hiyo alivitonea nta ya nyuki juu.

Tulipopanga chupa ukutani akahesabu. Akahesabu tena.

"Ishirini na tatu."

"Zilikuwa 24."

"Najua zilikuwa 24. Nilizifungua mimi." Akachukua moja, akaifunga kwenye gazeti, akanipa. "Hii kesho mpelekee mgeni rasmi. Mwambie ni ule ule aliousifia."

Nikamtazama kama anatania. Hakuwa anatania. Nilikwenda nayo mjini kwenye bodaboda, nimeibana kati ya mapaja, kila tuta naikumbatia. Ofisini hakuwepo. Nikaiacha kwa katibu muhtasi na ujumbe ule ule neno kwa neno. Sikupata jibu, ingawa Desemba gari lilikuja kijijini likamuuliza fundi, likaondoka na katoni mbili. Dereva hakusema limetumwa na nani.

Kuhusu chupa ya 24, nilijua ilipo kabla hata fundi hajamaliza kuhesabu mara ya pili. Nilipita kwa Babu jioni ile nikitokea mjini. Alikuwa barazani anakula ugali wa uwele na mlenda, akanikaribisha, nikanawa. Chupa ilikuwa kwenye kona ya mlango, imejaa mafuta ya alizeti, mazito na ya manjano, na lebo yake iko mzima, mlima wa dhahabu na kila kitu. Cheti kilikuwa ndani kitandani, hakijapata msumari bado.

Nikamwambia, "Babu, ile chupa fundi anaitafuta. Niibandue lebo nimpelekee?"

Akatafuna kwanza. "Mpelekee nyingine. Hiyo kizibo chake kinakaza, hakivujishi." Akalichota tonge, akalichovya, akasimama nalo hewani. "Na karatasi uiache. Nataka nikiamka kwenda kupogolea niwe namwona huyo aliyelala."